Damu Iliyopitia Njia za Panya

Mkono wangu wa kushoto ndio ulioanza kuchoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona ajabu, hata mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejifungua binti yetu, na kila mtu anajua mwanamke aliyejifungua huchoka. Nikianika nguo, ningefika katikati ya beseni nikalazimika kuushusha mkono kama mtu aliyekuwa ameinua jiwe. Hata mtoto alipoota nywele za kusukwa, nilimsuka nusu ya kichwa, nikapumzika, kisha nikamaliza nusu iliyobaki huku akilia amechoka kukaa.

Nilizaliwa Matinyani, upande wa Kitui, nikasomea ualimu, kisha nikaolewa Matiliku. Haya ninayoyasimulia yalitokea mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ambapo sikuwa hata nimefikisha miaka thelathini. Mume wangu alikuwa akiuza vipuri vya magari katika duka la mtu huko Sultan Hamud. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Siku zile nyingine tulibaki watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu, mjane ambaye nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kama wanawe walivyomwita. Yeye aliniita Mwalimu, hata tukiwa jikoni tumepakaa masizi.

Uchovu ulipozidi, nilienda kituo cha afya. Muuguzi alinifunga ule mpira wa presha mkono wa kushoto, akapampu, akasikiliza, akakunja uso. Akapampu tena. Akaitikisa mashine.

"Mwalimu, presha yako iko chini sana," akasema. "Sijui hata umetembeaje mpaka hapa. Kula chumvi. Kunywa supu ya mifupa."

Mwaitu aliyapokea maneno hayo kama amri. Kila siku ya soko alileta mifupa ya mbuzi, akaichemsha mpaka ikawa myeupe, akatia chumvi mpaka midomo ikaniwasha. Alisimama mbele yangu nikimaliza bakuli. "Kunywa, Mwalimu. Damu irudi." Nikanywa. Supu ilikuwa tamu, na nilipendezwa kwamba mama wa mume wangu ananihangaikia hivyo. Lakini mkono uliendelea kuchoka, na sasa nikawa naumwa kichwa, utosini upande wa kushoto, mahali pamoja tu, kana kwamba mtu ameweka kidole gumba hapo akasahau kukiondoa.

Kisha kukatokea jambo la darasani.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili darasa la nne. Nilikuwa nimeandika kichwa cha somo ubaoni nikageuka. Ilianzia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu hata madaktari baadaye liliwachanganya: si mkono uliokuwa ukichoka. Huu ulikuwa mkono wangu mzima, wa kuandikia. Kidole kikaanza kuchonyota kama mguu uliokaliwa, kisha cha pili, kisha kiganja, halafu kile kitu kikapanda polepole mpaka kwenye kiwiko, kikaruka hadi pembe ya mdomo. Chaki ikaanguka. Sikuhisi ikiniponyoka, niliiona tu sakafuni.

Nikaona nisiwatishe watoto. Nikawaambia, "Fungueni vitabu vyenu." Nilijisikia kwa masikio yangu nikisema hivyo. Darasa zima likacheka. Nikarudia kwa ukali. Wakacheka zaidi, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na huko kunyamaza ndiko kulikonitia hofu. Nikaketi. Baada ya muda mfupi mkono ukarudi, mdomo ukarudi, nikawaambia wafungue vitabu, wakafungua.

Wakati wa mapumziko nilimwita kiranja, msichana mkweli sana, nikamuuliza nilikuwa nimesema nini. Aliangalia viatu vyake.

"Mwalimu, ulisema tufunike vikombe. Vikombe vya vitu vitu."

Habari zilifika kwa mwalimu mkuu kabla sijafika mimi. Aliketi karibu nami kuliko desturi yake, na nikatambua kwamba ananusa pumzi yangu.

"Kulikuwa na harusi huko kwenu jana?" akauliza.

"Hapana, bwana."

Alijua sisi wa kanisa letu hatugusi pombe. Alijua, lakini alinusa. "Basi nenda nyumbani upumzike, Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole ulioniumiza kuliko kama angenikaripia.

Sikumwambia Mwaitu. Ningemwambia nini? Kwamba nilisema jambo moja na watoto wakasikia lingine? Lakini jambo lenyewe halikungoja nilieleze. Tulikuwa tumeketi kwenye mkeka tukichagua mawe katika ndengu, mkono wangu wa kulia ukiwa ndani ya uteo, na ghafla ndengu zikawa mbali. Niliuona mkono umelala humo kama mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwambia Mwaitu asiogope. Akanishika taya kwa vidole vyake vikavu akanitazama mdomo. Alizungumza nami kwa Kikamba, nami nikamjibu, na nikaona machoni mwake kwamba jibu langu halikuwa Kikamba wala kitu kingine chochote.

Kilipopita, alikuwa bado ameshika taya yangu.

"Umerudi?" akauliza.

"Sikuwa nimeenda, Mwaitu. Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa umeenda," akasema, akaniachilia.

Wanawake wa kanisa walikuja alasiri ya Alhamisi, kwa mwaliko wa Mwaitu. Niliwajua wote. Niliimba nao, nilikuwa nimepika nao kwenye harusi na matanga. Waliniketisha kwenye kiti katikati ya chumba, wakaimba, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani. Mikono ilikuwa ya joto, na sitasema ilinichukiza. Kiongozi wao akapaza sauti. "Wewe uliye ndani ya huyu mtoto wetu," akasema, "jina lako nani?"

Nilitaka kucheka. Nilitaka kutaja jina langu mwenyewe ili waone hakuna mwingine ndani. Na papo hapo kidole cha mwisho kikaanza.

Nilijua nina jina. Lilikuwa karibu, kama mtu unayemfahamu aliyesimama mlangoni amekupa mgongo. Nikalitafuta. Akauliza tena, "Jina lako nani?" na mdomo wangu ukasema kitu. Waliniambia baadaye nilisema, "Hatupo, hatupo." Maombi yalilipuka. Mmoja alianza kulia. Mwaitu hakulia wala hakupiga kelele, alipiga magoti akanishika mguu, akaushikilia hivyo mpaka mwisho, kama mtu anayezuia kitu kisipeperushwe.

Baadaye maneno yangu yaliporudi, kiongozi alinipangusa jasho akasema, "Limetoka." Nami niliamini. Sina sababu ya kudanganya. Niliamini kwa moyo wote, nikalala usingizi mzuri, na asubuhi yake, nikiwa namimina uji wa mtoto kwenye kikombe, lilikuja tena. Sasa nilichanganyikiwa kabisa. Kama lilitoka, ni lipi hili? Na kama halikutoka, ile nafuu ya jana nilikuwa nimeipata wapi?

Jumamosi Mwaitu alimpokea mwanawe nje, kabla hajaweka mfuko chini, nikawasikia wakiongea kwa sauti za chini. Akaingia akaketi mbele yangu.

"Inakuwaje?"

"Sijui."

"Inauma?"

"Kichwa tu. Hicho kingine hakiumi."

"Lakini sasa unaongea vizuri."

"Sasa naongea vizuri."

Alinitazama jinsi wateja wake walivyotazama gari ambalo injini yake inagonga njiani kote, kisha likifika kwa fundi linanyamaza. Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni. "Wamama wameomba na wataendelea kuomba," akamwambia. "Wewe mpeleke kwa daktari."

Daktari wa kwanza, huko Sultan Hamud, alisema ni kifafa kidogo, akanipa vidonge vilivyonifanya nilale macho yakiwa wazi. Havikuzuia kitu. Ndipo tajiri wa mume wangu alipomwazima pikapu, tukaenda hospitali moja kubwa Nairobi, Mwaitu akiwa ametufungia kikapu cha chakula kama watu wanaohama.

Walinilaza, wakaniingiza kichwa ndani ya mashine ya picha, kitu ambacho nilikuwa sijawahi hata kukisikia. Baadaye madaktari wakaja wengi kuliko walivyokuja kwa wagonjwa wengine, na kutokana na wingi wao nikajua kuna jambo.

"Kuna damu juu ya ubongo, upande wa kushoto," daktari mmoja mwanamke akasema. "Si nyingi. Imelala ndani ya mfereji mmoja kama uzi. Umeanguka?"

"Hapana."

"Umegongwa na kitu? Mlango? Ng'ombe?"

"Hapana."

Wakatazamana. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba damu ya mshipa uliopasuka wenyewe, kwa kawaida, huwa chini, kwenye kitako cha ubongo. Damu ya huko juu, kwa mtu wa umri wangu, mara nyingi ni ya pigo. Wakamwomba mume wangu atoke nje. Wengine nao wakatoka, akabaki yule daktari mwanamke. Akavuta kiti.

"Mama, hapa tuko sisi wawili tu," akasema. "Mume wako huwa anakupiga?"

Na kidole kikaanza. Nililielewa swali. Nililijua jibu. Nikasema hapana. Hata leo nikikumbuka, najisikia nikisema hapana. Akauliza kitu kingine, nikasema hapana tena. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniwekea mkono begani, akaondoka.

Nilipopata nafuu nikamwulizia mume wangu. Muuguzi akaniambia nitamwona baadaye, kwa ile sauti ya kuzungumza na mtoto. Kupitia dirishani nilimwona ameketi kwenye benchi uani, kikapu cha Mwaitu kwenye magoti, na askari wa lango amesimama karibu naye akimtazama. Sikuelewa. Nikampungia mkono, hakuniona. Muuguzi akavuta pazia. "Usiogope, mama," akasema. "Hapa hawezi kukugusa."

Nani? Nilijiuliza usiku kucha ni nani huyo asiyeweza kunigusa.

Kesho yake yule daktari alipokuja, nilimkabili. "Kwa nini mume wangu haruhusiwi kuingia?"

"Kwa sababu ya uliyotuambia."

"Niliwaambia nini?"

"Nilikuuliza kama anakupiga, ukasema ndiyo. Nikauliza kama ni mara nyingi. Ukasema ndiyo."

Nilipiga kelele. Nilimwambia huyo mwanamume hajawahi kuniinulia mkono, hata sauti. Kadiri nilivyokana ndivyo uso wake ulivyozidi kunihurumia, na nikaona kwamba amekwisha kuwasikia wanawake wengi wakikana hivyo hivyo, kwa machozi hayo hayo. Kila neno nililosema la kumtetea lilimzamisha. Nikalia kwa hasira, na katikati ya kulia, mdomo ukaanza kuvutwa.

Aliuona. Aliketi kitandani, si kitini.

"Mama, unanisikia?"

Nikasema ndiyo.

"Uko Nairobi?"

Ndiyo.

"Uko Mombasa?"

Nikasema hapana, na nikaona ameshtuka.

"Wewe ni mwanamume?"

Nilisema hapana kwa nguvu zangu zote. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo, na macho yake yakajaa machozi. Kilichokuwa kikitoka ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama saa ya ukutani.

Akaushika mkono wangu uliokuwa karibu naye, wa kushoto. Nadhani mwanzoni alikuwa akinibembeleza tu. Kisha vidole vyake vikahamia kwenye kifundo, vikatafuta. Vikasogea, vikabonyeza tena. Akauchukua mkono wa kulia, akaurudisha, akarudi kwenye wa kushoto. Akamwita mwenzake kwa sauti. "Njoo ushike hapa. Hakuna kitu."

Mwenzake akashika. Hakuna kitu. Mkono ulikuwa na joto, vidole vilikuwa vikisogea, lakini mpigo haukuwepo. Daktari akaniwekea kile chombo chao cha kusikilizia moyo, si kifuani bali shingoni, upande wa kushoto, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Inavuma," akasema. "Kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa."

Wakapima presha mkono wa kulia. Ilikuwa juu sana, wakaagiza mashine nyingine wakidhani hiyo imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Mume wangu akaruhusiwa kuingia. Daktari alimwomba msamaha akiwa amesimama. "Baba, tumekukosea," akamwambia. Yeye akajibu, "Haidhuru," lakini hakumtazama, na mimi alinitazama kidogo tu.

Zilipigwa picha nyingine, za mishipa, kwa dawa iliyonichoma mwili mzima. Ndipo daktari alipotueleza, sote wawili, akichora kwenye kipande cha karatasi. Kuta za mishipa yangu mikubwa zilikuwa zimevimba. Ule wa mkono wa kushoto ulikuwa umeziba, ndiyo maana presha iliyopimwa hapo ilisomeka chini. Ule wa shingoni upande wa kushoto ulikuwa umebana, umebakiwa na tundu la kupitisha uzi.

"Kwa sababu gani?" mume wangu akauliza.

"Hatujui. Mwili unajishambulia wenyewe. Huwapata wanawake vijana zaidi."

Mimi nilikuwa na swali langu. "Daktari, kama mshipa umebana, damu si ingepungua kichwani? Imewezaje kumwagika?"

Alifikiri. "Barabara kubwa ikifungwa, magari hufanya nini?"

"Hupita njia za panya," mume wangu akajibu.

"Basi. Vile vimishipa vya juu ya ubongo si vya kubeba mzigo huo. Vimepanuka kuusaidia ubongo, na kimoja kimepasuka. Na presha yako ilikuwa inavisukuma." Akaweka kalamu chini. "Tunadhani ni hivyo."

Neno hilo, tunadhani, niliondoka nalo. Mwenzake hakukubaliana naye kabisa, akaona labda vimishipa vyenyewe navyo vimevimba, wakabishana kwa Kiingereza mbele yetu. Kulikuwa na dawa ya kuifanya damu isigande, lakini waliogopa damu itavuja tena, na bila hiyo waliogopa mshipa utaziba kabisa. Kupasua waliona haifai kabla uvimbe haujatulia. Mwishowe wakanipa vidonge vya kutuliza uvimbe na vya kushusha presha, wakasema tungoje.

"Na chumvi upunguze kabisa," daktari akasema. "Ulikuwa unakula nyingi?"

Mume wangu na mimi tukatazamana.

Tukiwa njiani kurudi tulipumzika Sultan Hamud, katika chumba alichopanga. Aliketi akivua viatu polepole.

"Ile ndiyo," akasema.

"Nilikuwa nasema hapana."

"Najua. Daktari ameeleza." Akavua kiatu cha pili. "Lakini ilitoka wapi?"

Nilitafuta moyoni kwa uaminifu kama kuna mahali nilipokuwa nimemwekea kinyongo, nikaona hakuna, kisha nikaona siwezi kuapa, kwa maana ni mdomo gani ningeapa nao? Nikamwambia sijui. Jibu hilo halikumtosha, niliona.

Nyumbani, tulipomweleza Mwaitu kuhusu presha na mkono uliodanganya, aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo nilikuwa nakumaliza."

"La, Mwaitu. Ulifuata nilivyoambiwa. Hata muuguzi hakujua."

Tangu siku ile alipika chakula cha nyumba nzima bila chumvi, na mwanawe alipolalamika alimwambia aende akale hotelini.

Vidonge vilinivimbisha uso ukawa duara. Sokoni watu walinipongeza kwamba nimenenepa, ndoa imenikubali, na sikuwahi kuwa mgonjwa zaidi ya wakati huo. Kichwa kilipoa kwanza. Yale ya mdomo na kidole yalipungua, yakaja mara moja moja, kisha sikumbuki ni lini yalikuja mara ya mwisho, kwa kuwa nilikuwa bado nayangoja. Nilirudi darasani. Tulikatazwa kupata mtoto mwingine, tukabaki na binti mmoja. Mkono wa kushoto hauna mpigo mpaka leo, na kila muuguzi mpya hushtuka.

Mume wangu ndiye aliyechukua muda kupona. Kwa miezi mingi hakubishana nami kwa lolote. Nikipandisha sauti yeye aliondoka, akasimama mbali, mikono nyuma ya mgongo, mahali ambapo mtu yeyote angeona hainigusi. Siku moja nilimfungulia mbuzi wake kwa makosa, akala mbaazi za jirani, na mume wangu akasimama pale uani akiuma midomo.

"Nikasirikie basi," nikamwambia. "Wewe si mtu?"

Akanigombeza. Alinigombeza vizuri, kuanzia mbuzi mpaka kamba mpaka mbaazi, mpaka Mwaitu akatoka jikoni kuona kuna nini, na katikati ya kugombeza akashindwa, akacheka, nami nikacheka, na usiku ule alilala ameniegemea.

Kanisani waliniomba nitoe ushuhuda. Wale wanawake waliketi mstari wa mbele, nyuso zao zimejaa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini nilipowaona sikujua niseme lipi ni lipi: maombi, vidonge, au ule mshipa ambao hata wenye kuusomea walisema wanadhani tu. Nikasema nilikuwa mgonjwa, watu wengi wakanishika mkono, na sasa naendelea vizuri. Kisha nikakaa.

"Ni hayo tu, Mwalimu?" mchungaji akauliza kutoka mbele.

"Ni hayo tu," nikasema, na mama mmoja akaanzisha wimbo.